Mlingoti Mtupu Unasema Nini?

Sanaa, ubunifu na elektroniki katika kazi za wanafunzi

Alfajiri katika pwani ya Kilindoni, kisiwani Mafia, kabla vyombo havijang'oa nanga, manahodha huwa na shughuli isiyohitaji kifaa chochote cha maabara. Hutazama mawingu, hutazama makuti ya minazi yanakoelekea, hutazama maji yanavyovunjika juu ya fungu, kisha huamua: twende au tukae. Elimu hiyo imewalisha watu wa Mafia kwa karne nyingi, wala si ya kudharauliwa. Hata hivyo ina mpaka wake. Jicho la nahodha, hata likiwa kali namna gani, haliwezi kuona dhoruba iliyo umbali wa kilometa 500 baharini, ambayo itafika kesho kutwa.

Dhoruba hiyo huonwa na setilaiti, na habari zake huifikia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla upepo wake haujagusa pwani. Kutoka hapo habari husambazwa kwa redio, televisheni na intaneti. Swali linalojadiliwa katika makala haya ni hili: je, wanafunzi wa sekondari wa Mafia wanaweza kutengeneza ishara itakayopokea habari hizo kwa njia ya intaneti na kuwaonyesha watu wote walioko pwani, mwenye simu na asiye na simu, ajuaye kusoma na asiyejua?

Jibu ni kwamba wanaweza. Vifaa vinavyohitajika vinapatikana, na hesabu zake ni zile zile zinazofundishwa darasani. Ugumu wa kazi hii hauko katika nyaya. Uko katika kuchagua umbo la ishara, na hasa katika kuamua ishara hiyo itasema nini siku ambayo intaneti yenyewe imenyamaza. Hapo ndipo mwanafunzi wa fizikia anapomhitaji mwenzake wa sanaa.

UZI ULIOCHEZA DARINI

Mwaka 1995, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, msanii mmoja aitwaye Natalie Jeremijenko alitundika uzi wa plastiki kwenye dari la ujia. Uzi huo ulikuwa na urefu wa futi 8, yaani kiasi cha meta 2.4, na juu yake palikuwa na mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mtandao wa kompyuta za ofisi. Kila habari iliyopita katika waya ilimfanya mota ashtuke kidogo. Mtandao ulipokuwa na shughuli chache, uzi ulitikisika mara moja moja. Kompyuta zilipokuwa zikipelekeana habari nyingi, uzi ulizunguka kwa kasi na kuvuma.

Mtu asiyeujua angeuona kuwa ni mchezo. Lakini wafanyakazi waliopita ujiani walijua hali ya mtandao bila kuketi mbele ya kompyuta na bila kusoma tarakimu hata moja. Jambo lisiloonekana lilikuwa limepewa mwili. Wanasayansi wawili wa kituo hicho, Mark Weiser na John Seely Brown, waliuandikia uzi huo mwaka ule ule, wakautoa kuwa mfano wa ufundi unaompa mtu habari bila kumsumbua.

Msomaji azingatie mambo matatu yaliyokutana hapo. Elektroniki ilileta mota na waya. Ubunifu, yaani ile kazi ya kukipa kifaa umbo linalofaa matumizi yake, ulichagua mahali pa kukitundika. Sanaa ilijua kwamba jicho la mwanadamu huvutwa na kitu kinachotikisika. Tungeondoa moja kati ya hayo, uzi ule usingekuwa na maana.

KOMPYUTA NDOGO ILIYOZALIWA KATIKA CHUO CHA UBUNIFU

Kwa miaka mingi kazi kama ile ilihitaji mhandisi aliyehitimu. Mabadiliko yalitoka mahali ambapo wengi hawakutarajia. Katika mji wa Ivrea, kaskazini mwa Italia, mji uliopata sifa kwa mashine za kupiga chapa za Olivetti, kilifunguliwa mwaka 2001 chuo kidogo cha ubunifu. Wanafunzi wake wengi hawakuwa wahandisi. Walitaka kutengeneza vitu vinavyohisi na kuitikia, lakini vifaa vya wakati ule vilikuwa vya bei kubwa na vigumu kuviendesha.

Mmoja wao, Hernando Barragán kutoka Colombia, alifanya tasnifu yake juu ya tatizo hilo. Alibuni ubao wa elektroniki na lugha nyepesi ya programu, akauita Wiring. Mwaka 2005 mwalimu wake Massimo Banzi, pamoja na wenzake, walitoa ubao wa bei nafuu zaidi uliofuata njia hiyo. Waliuita Arduino, jina la baa waliyozoea kukutana, ambayo nayo ilichukua jina la mfalme wa kale wa eneo lile. Michoro yake iliachwa wazi ili mtu yeyote aweze kuunda ubao wa namna hiyo. Hivyo chombo ambacho leo kimeenea katika shule na vyuo vya uhandisi duniani kilianza kama jibu la haja ya wanafunzi wa sanaa na ubunifu.

Mfano mmoja wa kazi za wanafunzi zilizofuata utatosha. Mwaka 2006 wanafunzi wanne wa chuo kikuu cha New York walitengeneza mfumo walioupa jina la Botanicalls. Walichomeka vihisi vya unyevu katika vyungu vya maua, wakaviunganisha na mtandao wa simu. Udongo ulipokauka, mmea ulimpigia simu mwenye nyumba kuomba maji. Watu walicheka, lakini mimea ilinyweshwa.

Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ilitoa chipu iitwayo ESP8266, ambayo ndani yake mna kompyuta ndogo pamoja na redio ya waifai. Tangu hapo kuunganisha kifaa na intaneti kumekuwa kazi iliyo ndani ya uwezo wa shule.

KONI NYEUSI YA FITZROY

Isidhaniwe kwamba wazo la kuunganisha ishara na mtandao limeanza na kompyuta. Mwezi Oktoba 1859 meli iliyoitwa Royal Charter ilivunjwa na dhoruba katika pwani ya Wales, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza wakati huo alikuwa Robert FitzRoy, yule yule aliyekuwa nahodha wa meli ya Beagle iliyomchukua Charles Darwin kuzunguka dunia. FitzRoy aliona kwamba habari za upepo husafiri katika waya wa telegrafu upesi kuliko upepo wenyewe. Basi mwaka 1861 alianza kupeleka maonyo bandarini kwa telegrafu.

Lakini telegramu husomwa na mtu mmoja ofisini, ilhali mabaharia wako majini. Kwa hiyo FitzRoy aliagiza kila bandari iwe na mlingoti wa kupandishia maumbo ya turubai nyeusi. Koni yenye ncha juu ilionya juu ya dhoruba kutoka kaskazini, na yenye ncha chini ilionya juu ya dhoruba kutoka kusini. Umbo la pipa liliongezwa kwa hatari nyingine. Usiku zilitumika taa zilizopangwa kwa maumbo hayo hayo. Rangi haikutegemewa, kwa sababu kitu kilicho mbali mbele ya anga angavu huonekana cheusi, hata kiwe na rangi gani.

Mpango ule ulikuwa mzuri. Hata hivyo ulikuwa na kasoro moja, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Baharia alipotazama mlingoti asione kitu, alielewa nini? Yamkini hapakuwa na dhoruba. Yamkini pia waya wa telegrafu ulikuwa umekatika na onyo halikufika. Mambo hayo mawili, moja la heri na moja la hatari, yalionekana kwa namna moja: mlingoti mtupu.

Wahandisi wa reli walijifunza somo hilo hilo kwa damu. Tarehe 21 Januari 1876, huko Abbots Ripton nchini Uingereza, theluji iliganda juu ya mikono ya ishara ikaizuia isipande. Mikono ikabaki imeshuka, hali iliyomaanisha kuwa njia ni nyeupe, na treni zikagongana. Baada ya ajali hiyo kanuni ilibadilishwa: ishara ikae daima katika hali ya hatari, na hali ya salama ionyeshwe kwa muda tu, pale inapothibitishwa.

KOSA LA TAA YANGU

Nakiri kwamba nami nililifanya kosa hilo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, nilishiriki katika maonyesho ya kazi za wanafunzi. Nilitengeneza taa iliyopokea kwa intaneti habari za hali ya hewa ya Dar es Salaam: ya manjano kwa jua, ya buluu kwa mvua. Nilikuwa na hamu ya nyumbani, na taa ile ilinipa faraja.

Siku ya pili ya maonyesho mtu alipita nyuma ya meza akaung'oa waya wa mtandao bila kujua. Taa iliendelea kuwaka manjano kwa siku mbili. Watazamaji waliisifu, nami nikapokea sifa. Jioni ya tatu nilimpigia simu mama yangu, akaniambia kwamba mvua ilikuwa imenyesha mfululizo tangu juzi na maji yalikuwa yameingia uani. Nilirudi kuitazama ile taa. Ilikuwa inang'aa vizuri sana, na ilikuwa inasema uongo.

Programu yangu haikuwa na makosa ya kisarufi. Ilifanya kile nilichoiamuru: kushika rangi ya mwisho hadi habari mpya ifike. Sikuwa nimejiuliza kifaa kifanye nini habari mpya isipofika.

KIMYA CHA BAHARI YA MAFIA

Kwa watu wa Mafia jambo hili si la maonyesho. Vimbunga ni nadra katika pwani yetu, kwa sababu karibu na Ikweta ile athari ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo uzunguke ni ndogo, na Mafia iko kiasi cha digrii 8 tu kusini mwa Ikweta. Lakini nadra si kamwe. Zanzibar ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, na Lindi ikapigwa Aprili 1952. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania. TMA ilitoa tahadhari, safari za vyombo kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na tarehe 4 Mei kimbunga hicho kikaingia nchi kavu katika eneo la Mafia, nguvu zake zikiwa zimepungua.

Siku 8 baadaye, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu. Huduma ya intaneti ikazorota vibaya nchini Tanzania na katika nchi jirani. Tafakari, ndugu msomaji, ingekuwaje kama mambo hayo mawili yangetokea katika juma moja, na katika pwani ya Kilindoni pangekuwa na ishara iliyotengenezwa kama taa yangu.

Bahari ya Mafia yenyewe imekwisha kutufundisha kutouamini ukimya. Kila mwaka, takriban kati ya Oktoba na Machi, potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoa ambaye sehemu nyingine za pwani huitwa papa shilingi, huonekana kwa wingi karibu na Kilindoni. Baada ya hapo haonekani, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba amehama. Watafiti waliwafunga potwe kadhaa vyombo vidogo vya kutoa mlio, wakatega vipokezi chini ya maji kuzunguka eneo hilo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wengi wao walikuwapo Mafia hata katika miezi ile ambayo hawaonekani. Walikuwa wamesogea tu mbali kidogo na ufuko na kwenda kwenye maji ya kina zaidi. Kutoonekana hakukuwa kutokuwapo.

ISHARA YA TANGA NA DEMA

Sasa tueleze kazi ambayo kikundi cha wanafunzi, tuseme wa kidato cha tatu hadi cha sita, kinaweza kuifanya kwa muhula mmoja au miwili. Tutumie maumbo mawili ambayo kila mtu wa Mafia huyajua tangu utoto: tanga na dema. Maana zake ziwe tatu tu:

1. Tanga liko juu: habari ni mpya, na hakuna tahadhari iliyotolewa.
2. Dema liko juu: tahadhari imetolewa.
3. Mlingoti mtupu: hatuna habari, uliza kabla ya kuondoka.

Msomaji ataona kwamba tumeligeuza jambo la FitzRoy. Kwake utupu uliweza kueleweka kuwa ni salama. Kwetu salama lazima ishikiliwe juu kwa nguvu, na nguvu hiyo ikikosekana kwa sababu yoyote, tanga huanguka lenyewe.

Ukubwa wa umbo. Jicho zima huweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa kilometa moja pembe hiyo ni sawa na sentimeta 29. Lakini ili umbo litambulikane, si kuonekana tu kama doa, linahitaji kiasi cha mara 5 ya hapo, yaani karibu meta moja na nusu. Umbo la meta moja litatambulikana hadi kiasi cha meta 690. Wanafunzi wasiliamini kitabu tu: wakate maumbo ya karatasi nyeusi, mmoja ayashike, wenzake warudi nyuma hatua kwa hatua hadi wasiweze kutofautisha tanga na dema. Wachoraji wa darasa watagundua kwamba kubadilisha mchoro kidogo, kwa mfano kuifanya ncha ya tanga iwe kali zaidi, huongeza umbali huo bila kuongeza ukubwa.

Nguvu ya upepo. Nguvu inayosukuma ubao uliosimama mbele ya upepo ni nusu ya zao la densiti ya hewa (kilo 1.2 kwa meta ya ujazo), mraba wa mwendo wa upepo, eneo la ubao, na kizidishi cha umbo ambacho kwa ubao bapa ni karibu 1.2. Kwa eneo la meta moja ya mraba na upepo wa meta 15 kwa sekunde, tunapata nyutoni 162, sawa na uzito wa mfuko wa kilo 16 na nusu. Upepo ukifika meta 30 kwa sekunde, nguvu haiwi mara mbili bali mara nne: nyutoni 648, karibu uzito wa mtu mzima anayening'inia mlingotini.

Hapa ndipo inapodhihirika sababu ya kuchagua dema. Tanga la nguo hukaa juu wakati wa hali njema tu. Dema, ambalo hupanda wakati wa upepo mkali, husukwa kwa matundu, na upepo hupita ndani yake. Kadiri matundu yanavyokuwa makubwa, ndivyo nguvu inavyopungua. Lakini yakizidi, umbo halitaonekana kwa mbali. Kupata kiasi kinachofaa ni jaribio zuri la kisayansi, na mtaalamu wa kulisimamia si mwalimu peke yake. Ni yule mzee wa kijijini anayesuka madema. Kadhalika kuhusu mlingoti, henza na kapi, mafundi wa vyombo wa Chole na Jibondo wana mengi ya kutuelekeza kuliko vitabu vyetu.

Kishikizo. Tanga hupandishwa asubuhi kwa mkono na mwanafunzi wa zamu, kisha henza yake hufungwa kwenye kishikizo kinachobanwa na sumaku ya umeme. Umeme ukikatika, sumaku hupoteza nguvu, kishikizo hufunguka na tanga huanguka. Sumaku ya volti 12 inayotumia ampea 0.25 hutumia wati 3, yaani wati-saa 72 kwa siku moja. Paneli ya jua ya wati 30, ikipata jua kamili kwa saa 4, hutoa wati-saa 120, kwa hiyo hutosha pamoja na betri yake. Dema hupandishwa na mota ya kufutia kioo cha gari, inayopatikana katika gereji. Mota hiyo ina gia ya parafujo isiyorudi nyuma kwa kuvutwa. Basi umeme ukikatika wakati wa tahadhari, dema hubaki juu. Kosa likitokea, na liwe upande wa hadhari.

Ubongo wa chombo. Chipu ya waifai hufanya kazi kwa volti 3.3, na mguu wake mmoja hauwezi kutoa mkondo wa kuiendesha sumaku. Kwa hiyo huamrisha transista, nayo transista huifungulia sumaku umeme wa betri. Diodi ifungwe sambamba na koili ya sumaku, ikielekea kinyume cha mkondo, ili volti inayozuka koili inapozimwa isiiunguze transista.

Kanuni ya programu ni fupi. Kila baada ya dakika 30 chipu iulize, kwenye kompyuta iliyochaguliwa, kiwango cha tahadhari iliyotangazwa na TMA: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, au hakuna. Jibu likiwa ni mojawapo ya yale matatu ya kwanza, tanga liachiwe na dema lipandishwe. Jibu lisipopatikana kwa saa 3, tanga liachiwe. Tena kuna mtego uliojificha: kompyuta inaweza kujibu vizuri kabisa, lakini kwa habari ya jana. Kwa hiyo chipu isihesabu saa tangu ilipopokea jibu peke yake. Ilinganishe pia saa ambayo taarifa ilitolewa na saa ya sasa, na taarifa iliyopitwa na muda wake ihesabiwe kuwa ni kimya.

MANENO KWA WALIMU

Kwanza, kazi hii isikabidhiwe wanafunzi wa fizikia peke yao. Igawanywe: wachoraji washughulikie maumbo, wanahisabati umbali na nguvu, wanajiografia pepo za kusi na kaskazi na historia ya vimbunga, na wale wa Kiswahili watunge maelezo yatakayobandikwa chini ya mlingoti. Mwanafunzi mwepesi wa kusuka asionwe kuwa msaidizi wa mwenye kompyuta.

Pili, vifaa visingoje fedha nyingi. Mashine za kuchapa na skana zilizokufa zina mota, gia na swichi nzuri. Mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, alijulikana duniani kwa mashine ya kuchapa maumbo aliyoiunda kwa mabaki ya namna hiyo. Mwaka huo huo wahandisi wa Nairobi walionyesha BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti chenye betri yake, kinachohamia mtandao wa simu pale waya unapokosa habari. Wote walianza kwa kukubali hali halisi ya Afrika, kwamba umeme na mtandao hukatika, wakaifanya hali hiyo kuwa sehemu ya ubunifu wao.

Tatu, na hili ni la lazima: ishara ya shule haichukui nafasi ya taarifa za TMA wala ya amri za viongozi wa bandari na vikundi vya wavuvi. Isimamishwe kwanza katika uwanja wa shule, ijaribiwe kwa msimu mzima wa kusi na wa kaskazi, na daftari litunzwe la kila mara ilipoanguka na sababu yake. Kama itaanguka bure mara kwa mara, watu wataizoea na kuipuuza, na ishara inayopuuzwa ni hasara. Ikithibitika, ndipo wazee wa pwani waombwe waikague. Wakisema umbo fulani halieleweki, libadilishwe, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Mwisho, mtihani wa kazi hii usiwe siku ya maonyesho, wakati mtandao upo na wageni wanapiga makofi. Mwalimu achague siku moja bila kumwambia mtu, auchomoe waya wa mtandao, kisha aketi kivulini na saa yake. Tanga likianguka katika muda uliopangwa, wanafunzi hao wamefaulu.

MASWALI YA KUTAFAKARI NA KUJARIBU

1. Uzi wa Palo Alto ukisimama kabisa, je, mtazamaji anaweza kujua kama mtandao umetulia au waya umekatika? Pendekeza badiliko moja litakaloondoa shaka hiyo.

2. Umbo la urefu wa sentimeta 80 litatambulikana kwa umbali gani, ikiwa linahitaji pembe ya dakika 5?

3. Suka au kata vipande vitatu vya eneo moja vyenye matundu ya ukubwa mbalimbali. Vitundike kwenye mizani ya springi mbele ya upepo, pima nguvu, kisha chora grafu.

4. Ishara ya tanga na dema haifai usiku. Buni ishara ya taa yenye maana zile zile tatu, ukikumbuka kwamba wapo watu wasioweza kutofautisha rangi nyekundu na ya kijani, na kwamba taa iliyozimika lazima iwe na maana yake.

5. Taja vyombo vitatu unavyovitumia nyumbani au shuleni ambavyo, vikiharibika, huendelea kuonyesha kuwa mambo ni salama. Eleza jinsi ambavyo ungevirekebisha.